Msasa na Daktari wa Mkojo

Siku waliyokutana, alimmwagia mkojo.

Hakukusudia, ingawa baadaye, mapenzi yalipokolea na ugomvi ukakolea zaidi, alipenda kusema laiti angekusudia. Foleni ya dirisha la maabara ilikuwa imejipinda ukumbi mzima wa hospitali. Watu walishika vichupa vilivyoviringishwa karatasi, kila mmoja akijifanya hajui mwenzake amebeba nini. Yeye alikuwa katikati, bado na ovaroli ya kazini yenye madoa ya rangi ya fedha mapajani, kitambaa cheusi kichwani, usoni hana hata chembe ya poda. Gereji walimwita Msasa. Wateja walidhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kusugua mabodi ya magari kabla ya kuyapuliza rangi. Waliowahi kugombana naye waliijua sababu ya kweli.

Mwanamume mmoja akapita mbio akiikata foleni. Bega lake likakigonga kiwiko cha Msasa, kifuniko kikafyatuka, na nusu ya kichupa ikaishia kwenye shati jeupe la kitani la yule mwanamume, lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe.

"Wewe!" Msasa akang'aka. "Macho umeyaacha nyumbani?"

Mwanamume hakulitazama shati. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu zimechongwa kama kwa rula. Alikichukua kichupa mkononi mwa Msasa bila hata kuomba, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mkojo huu wa nani?"

Foleni nzima ikageuka.

"Wa babu yako!"

"Una damu. Ni wako?"

"Kaka, nitakuzaba kibao mbele ya umati huu."

"Wako au si wako?"

"Wa baba yangu! Umeridhika? Sasa kamtangazie na mlinzi wa getini."

"Anaumia akikojoa?"

"Haumii."

Hapo uso wa yule mwanamume ukabadilika. "Damu inayouma naielewa," alisema taratibu. "Isiyouma ndiyo siipendi. Mlete leo hii. Kliniki ya mkojo, chumba cha mwisho."

Akamrudishia kichupa, akaondoka na shati limemganda kifuani.

"Mwoneni! Samahani haijui," Msasa akasema.

Mama mmoja nyuma yake akamgusa bega. "Mwanangu, huyo ndiye bingwa wa mkojo mwenyewe. Watu wanamsubiri miezi."

"Basi leo ameupata wa kutosha."

Alimpeleka baba yake siku hiyohiyo, kwa shingo upande. Baba alikuwa fundi rangi tangu ujana. Alipuliza magari ya watu akiwa amejifunga kitambaa tu mdomoni, na kila koti la rangi lilipokuwa likikauka, yeye aliwasha sigara. Kumbe ile damu alikuwa ameificha muda mrefu, akimwaga maji chooni kabla ya yeyote kuona, mpaka asubuhi moja Msasa alipoikuta mwenyewe. Mbele ya daktari alikiri kwa sauti ndogo, huku akiangalia viatu vyake.

Aliyekuja nao ni Shangazi, dada yake Baba, aliyekaa nao tangu mama yake Msasa alipofariki. Daktari alieleza kwamba rangi na sigara huacha sumu mwilini, sumu huchujwa ikaingia kwenye mkojo, na mkojo hukaa kibofuni saa nyingi ukikilowesha. Ilibidi wapitishe kamera nyembamba wakatazame ndani.

"Ipitie wapi?" Shangazi akauliza.

Daktari akamwambia.

"Mungu wangu! Aibu gani hii?"

"Shangazi, aibu haiui."

"Usiniite shangazi, kijana. Posa yako sijaipokea."

Msasa alijikuta anacheka, akachukia kwamba amecheka.

Ndani ya kibofu palikuwa na uvimbe mdogo wenye vishada kama mwani. Daktari aliukwangua wote. Alipotoka chumba cha upasuaji, kofia ya kijani bado kichwani, alimwambia Msasa, "Kila tulichokiona tumekitoa." Msasa akasikia "tumekitoa" tu. Yale maneno mengine yalimpita kama upepo.

Kesho yake jioni simu ikalia.

"Rangi ya mkojo leo?"

"Kwenu hawasalimiani?"

"Habari za jioni. Rangi ya mkojo leo?"

"Kama chai nyepesi."

"Vizuri. Na wewe?"

"Mimi sikojoi damu."

"Nimeuliza hali yako, sikuuliza mkojo wako."

Simu ilipokatika Msasa akaihifadhi namba kwa jina la Bwana Mkojo. Kesho yake Bwana Mkojo akapiga tena, na kesho kutwa. Mkojo wa Baba ukatakata, na simu zikaendelea.

"Baba amekuwa safi kama maji ya bomba. Mbona bado unapiga?"

"Nimezoea kutukanwa saa hizi. Siku usiponitukana, chakula hakishuki."

"Una wazimu."

"Haya, sasa ninaweza kula."

Siku moja alitokea gereji, suruali nyeusi, viatu vinang'aa, akiruka madimbwi ya oili kama kuku aliyemwagiwa maji. Mkononi alishika mfuko. Msasa alidhani ni manukato. Ndani akakuta barakoa nzito ya kazi, ile yenye vichujio viwili mashavuni.

"Wanawake wenzangu huletewa maua."

"Maua hayazuii sumu. Ivae."

"Nitafanana na nzi."

"Nzi mwenye kibofu kizima. Ivae, Msasa."

Akaivaa. Ndani ya ile barakoa, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona, alitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Jioni waliyotoka pamoja mara ya kwanza, Msasa alivaa gauni la zambarau lililomkaa kiunoni kama lilishonewa juu yake, hereni ndefu, viatu vya kisigino alivyoviazima na vilivyomlaani kila hatua. Daktari alisimama mlangoni mwa mgahawa, mdomo wazi.

"Sema kitu basi."

"Nilikuwa nacho. Kimepotea."

"Daktari mzima!"

Walibishana juu ya meza ya kukaa, juu ya muziki, juu ya nani anaendesha gari vibaya. Mhudumu alidhani ni mume na mke walio karibu kuachana. Walipotoka nje, Daktari akamshika mkono, na Msasa hakuunyakua.

Siku ya Baba kurudi kupimwa ilipofika, kamera iliingia tena kwa taa yake ya kawaida, ile nyeupe. Ukuta wa kibofu ukaonekana laini, hauna kitu. Msasa alimkumbatia Baba kwenye korido mpaka kofia ya mzee ikaanguka. Mkojo kidogo ulipelekwa maabara ukatazamwe chembe zake, lakini hilo alilichukulia kuwa utaratibu tu.

Tangu hapo Daktari akawa mpole kupita kiasi. Matusi ya Msasa aliyapokea bila kuyarudisha. Mezani alimshika mkono asiuachie, kama mtu mwenye jambo kooni. Msasa akajisemea: huyu anatafuta maneno ya kunioa. Akaanza hata kuchagua rangi ya gauni.

Kisha siku moja Baba akawa anaoga, na simu yake ikalia juu ya meza. Msasa akaipokea.

"Habari za asubuhi. Tunapiga kutoka hospitali, chumba cha upasuaji. Tunamkumbusha mzee miadi ya taa ya buluu. Aje bila kula. Na awahi, maana dawa lazima ikae kibofuni saa nzima kabla hajaingia."

"Taa gani? Baba yangu amepona."

Mpigaji akashusha sauti. "Samahani, ninazungumza na nani?"

Msasa hakusubiri kujitambulisha. Alichukua ufunguo wa gari na kutoka vilevile, kandambili miguuni. Akamkuta Daktari kwenye korido ya kliniki, katikati ya wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi.

"Baba yangu ana saratani?"

Daktari akageuka. Alimtazama, kisha akatazama chini. "Twende ofisini."

"Siendi popote. Mkojo wa baba yangu uliutangaza mbele ya umati, leo unataka faragha? Nijibu. Anayo?"

"Siwezi kukujibu."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Ulijua tangu lini?"

Daktari akatikisa kichwa.

"Ulikuwa unanishika mkono huku unajua?"

"Ndiyo."

Neno hilo moja likamwingia Msasa kama mwiba chini ya ukucha. Angesema hapana, angemwita mwongo, na mwongo unaweza kupambana naye.

"Uliniambia mmekitoa."

"Nilikuambia tumetoa tulichokiona."

"Ah! Kumbe ni mwalimu wa sarufi!" Sauti yake ilipanda mpaka muuguzi akachungulia. "Nilicheka nawe. Nilikuvalia gauni. Nilizunguka mjini nikidhani unatafuta maneno ya posa, kumbe unatafuta maneno ya msiba! Usinipigie. Ukiniona barabarani, vuka upande wa pili."

"Msasa..."

"Jina hilo ni la watu wangu. Wewe si mtu wangu."

Nyumbani, Baba alisema, "Ni kipimo tu, mwanangu," akageuza uso ukutani. Shangazi naye hakumwacha apumue. "Nilisema mimi. Mwanamume anayeleta barakoa badala ya maua, unategemea nini? Sasa anamfanyia ndugu yangu majaribio ya taa za disko." Msasa alisugua bodi za magari siku zile mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na mafundi wakajifunza kupita mbali. Simu haikulia. Alikuwa ameikataza isilie, na bado aliikasirikia kwa kutii.

Siku ya taa ya buluu, mtu aliyewapokea alikuwa daktari mwingine, mwanamke mfupi wa makamo mwenye miwani ya kamba. Wauguzi walimwita Bibi Bingwa.

"Mimi ndiye nitakayefanya kazi," alisema. "Mwenzangu alinikabidhi mgonjwa huyu zamani kidogo. Alisema ameanza kumpenda binti ya mzee, na mkono unaopenda hutetemeka. Leo atasimama pembeni tu. Mzee ndiye aliyetaka."

Msasa aliduwaa kidogo, lakini hasira ilikuwa na mizizi mirefu. "Akiingia huyo, Baba haingii."

Daktari alikuwa amesimama kando ya mlango, gauni la upasuaji mwilini, mikono nyuma.

"Mwanangu," Baba akaita kutoka kwenye kitanda cha magurudumu. Dawa ilikuwa tayari imetiwa kibofuni kwa mrija, na alikuwa akijibana, jasho usoni. "Mwache kijana wa watu."

"Alitudanganya, Baba."

"Hajadanganya mtu. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Msasa akamgeukia baba yake.

"Majibu ya zile chembe yalipotoka, aliniita peke yangu," Baba akaendelea. "Akasema kwa macho hakuna kitu, lakini mkojo unasema kuna kitu kimejificha. Nikamwambia, ukimweleza binti yangu, sirudi hapa tena, nife na siri yangu. Alinisihi kila siku, mzee mwambie, mzee mwambie. Nami nikawa nasema kesho. Ulimzika mama yako ukiwa mdogo, ukanifulia, ukaishika gereji. Sikuwahi kukusikia ukiimba mpaka huyu alipokuja. Nilitaka uimbe kidogo tu zaidi."

Machozi yalimjia Msasa, na yalikuwa ya hasira tupu. Akamgeukia Daktari. "Na wewe ulikubali kutukanwa mbele ya watu, hukusema?"

"Haikuwa siri yangu."

"Nawachukia wote wawili."

"Sawa," Baba akasema. "Lakini utuchukie haraka, mkojo unanitoka."

Bibi Bingwa akasukuma kitanda mwenyewe.

Shangazi, aliyekuja nao, na Msasa walikaa benchi moja. Mlango ulipofunguliwa, Bibi Bingwa aliwaita chumba kidogo chenye kioo cha kompyuta, akawaonyesha picha. Daktari alisimama nyuma kabisa.

"Hii ni kwa taa nyeupe," Bibi Bingwa akasema. Ukuta wa kibofu ulionekana wa waridi hafifu, umepitiwa na vijishipa vyembamba. Msasa, aliyelala na kuamka na nyuso za mabodi ya magari, aliukagua pande zote. Hakuona doa.

"Na hapa ni palepale, taa ya buluu."

Shangazi akashika kifua. Kila kitu kilikuwa cha buluu kama usiku wa mbalamwezi, na katikati ya buluu ile mabaka matatu yaliwaka mekundu, kama makaa yaliyofukiwa kwenye majivu.

"Chembe za saratani huinywa ile dawa kwa pupa kuliko chembe nzima," Bibi Bingwa akaeleza. "Ukizimulika kwa buluu, zinajitoa zenyewe. Hizi hazijajenga uvimbe. Zimejilaza bapa ukutani, ndiyo maana jicho linazipita, langu, lake, la yeyote. Lakini msikimbilie kulia. Hata mahali penye mchubuko wa kawaida huweza kuwaka hivi. Taa inatuonyesha pa kukata kinyama cha kupimwa, na maabara ndiyo inayohukumu."

Msasa alimtazama Daktari kwa mara ya kwanza siku ile. Naye alikuwa anatazama mabaka yale, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa. Msasa akaelewa: kumbe hata yeye alikuwa anaogopa, peke yake, muda wote ule, juu ya kila meza waliyobishania. Alielewa, na hasira haikutoka. Ilikaa tu pembeni ya jambo jingine, vikibanana.

"Kuanzia leo," Baba alisema alipopelekwa wodini, miguu bado imekufa ganzi, "mwambie kila kitu, kijana. Nimekufungua mdomo."

Majibu yalipotoka, baka moja lilikuwa mchubuko tu. Mawili yalikuwa saratani, lakini bado ya juujuu, haijazama kwenye nyama ya kibofu. Baba akaanzishiwa dawa ya kutiwa kibofuni kila wiki. Alirudi nyumbani akilalamika kwamba inachoma kama pilipili, na Msasa alimpelekea chai kwa kukibamiza kikombe mezani, maana bado hakuwa amemsamehe.

Jumamosi moja mchana Daktari akaja. Aliomba kumwona Baba. Baba akajifanya amelala fofofo, kwa mkoromo ambao haukumdanganya mtu. Shangazi alimfungulia mlango, akampima kwa macho kuanzia kola mpaka soli, akaingia jikoni na kuuacha mlango wa jikoni wazi. Msasa alikuwa sebuleni, kanga kiunoni, nywele zimesukwa nusu na nusu zimesimama.

"Sikukuita," akasema.

"Najua."

"Na siombi msamaha."

"Sikuja kuupokea."

"Umekuja kufanya nini basi?"

"Chakula hakishuki."

Msasa akauma mdomo wa chini ili usicheke. "Kaa. Mbali. Pale." Daktari akakaa pale. "Nisikilize vizuri. Ukijua jambo langu, utaniambia?"

"Lako nitakuambia siku hiyohiyo."

"Na la Baba?"

"Kama mwenyewe hajaruhusu, hapana."

"Hata mimi nikiwa mkeo?"

"Hata ukiwa umelala pembeni yangu unanifinya."

"Nitakufinya kweli."

"Nitavumilia."

Msasa akasimama, akazunguka sebule, akarudi. Lilikuwa jibu baya. Alilitafutia mahali pa kulishika alivunje, asipate. Akamfikiria mtu aliyesimama kwenye korido akiitwa mwongo, huku neno moja la kumwokoa analo mdomoni, na akalimeza. Mtu wa namna hiyo anakera hadi kwenye mfupa. Na ni mtu unayeweza kumpa siri yako ukalala.

"Sasa Baba ameruhusu," alisema, sauti imeshuka. "Sitaki maneno matamu. Nataka la kweli. Atapona?"

Daktari hakuyakwepa macho yake. "Sijui. Dawa hii inawafaa wengi. Isipomfaa, huenda tukalazimika kukitoa kibofu chote. Tutamwangalia tena kwa taa ileile, na tena, na tena. Lakini leo hii, Msasa, sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutoka kinywani mwake tangu alipokatazwa kulitaja. Msasa aliliacha lipite. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha Daktari, si mbali tena.

"Na mimi, utanioa?"

"Hilo najua."

"Unajua nini? Sema kama watu!"

"Nitakuoa. Ukinikubali. Ukinikataa nitakuja kesho unitukane tena mpaka uchoke."

"Sichoki mimi."

"Basi tutazeeka."

Msasa akamshika ndevu zile zilizochongwa kwa rula, akazivuruga zote kwa kiganja chenye mikwaruzo, na hapo ndipo akalia, kichwa chake begani mwa yule mwanamume, akimpiga ngumi ndogondogo kifuani. Chumba cha pili mkoromo wa Baba ulikuwa umekatika ghafla.

"Nimesikia yote!" Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni. "Na bado simpendi!"

"Shikamoo, Shangazi," Daktari akajibu.

Sufuria zikagongana kwa muda. Kisha sauti ikatoka, kavu, ya mtu anayetapika dawa chungu:

"Marahaba."